Dawa ya Pengo

Nina pengo upande wa kulia wa taya la chini, mahali ambapo huenda wewe una jino la chonge. Nikizungumza halionekani. Linaonekana nikicheka kwa nguvu, na ndiyo maana katika picha zangu nyingi za sekondari nimefumba mdomo. Upande wa kushoto chonge limeota, lakini limeota dogo, lina mikwaruzo na doa la njano, kama kazi ya fundi aliyekuwa anawahi basi.

Sikuanguka, sikupigwa, wala jino halikuoza. Halikuota kabisa. Nilipokuwa na miezi saba, bibi yangu mzaa mama alinipeleka kung'olewa meno ambayo yalikuwa bado hayajatoka.

Kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kisa hiki husimuliwa kwa shukrani. Bibi hukisimulia wageni wakija, akiwa ameshika mkono wangu. Nilikuwa nimeharisha siku nne, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi. Mama alikuwa analia tu. Zahanati ilikuwa mbali, na mara ya mwisho Bibi alipokwenda huko alikuta mlango umefungwa. Basi akanibeba mgongoni kabla jua halijachomoza, akanipeleka kijiji cha pili kwa mama mmoja aliyesifika kwa kutoa meno ya plastiki. Mama yule akanipapasa ufizi, akakuta vivimbe viwili vyeupe, akachukua spoku ya baiskeli iliyonolewa, akachimba. Vikatoka vitu viwili laini, vyeupe, mfano wa funza, akavilaza juu ya jani ili Bibi avione kwa macho yake.

"Siku ya tatu ukaacha kuharisha," Bibi humalizia. "Ukanyonya. Leo unasoma chuo kikuu."

Nilikisikia kisa hicho mara nyingi hadi nikakizoea, kama mtu anavyozoea jina lake. Kisha nikaenda Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili, katika fani inayojaribu kuotesha upya sehemu ngumu za jino kwa kutumia seli shina na bayomateria, yaani vitu vinavyotengenezwa ili vikae ndani ya mwili na kushirikiana nao. Juma la tatu la masomo, mhadhiri alituonyesha ukutani picha ya taya la mtoto mchanga, mkato mwembamba uliotiwa rangi ili uonekane kwa hadubini. Ndani ya ufizi kulikuwa na umbo mfano wa kengele.

"Hii ndiyo mbegu ya jino," akasema. "Kila kitu kimo humu. Ukiiondoa hii, hakuna jino."

Wenzangu waliandika. Mimi nilipeleka ulimi kwenye pengo. Nilikuwa nimemwona yule funza wa Bibi.

Mtoto huzaliwa akiwa na meno yake tayari, yamefichwa. Meno ya utoto huanza kujengwa mimba ikiwa na majuma kama sita. Mtoto anapofikisha miezi saba, machonge ya chini bado hayajatokeza, ila yanasukuma ufizi kutoka ndani, na ufizi huo huvimba na kuwa mweupe kidogo. Ukiuchimba wakati huo, utakachotoa hakijakomaa. Madini yake bado ni machache, nacho ni laini. Mtu ambaye hajawahi kuona jino kabla halijawa jino atakuwa na haki ya kusema kwamba kile si jino, ni plastiki. Na kwa kuwa mbegu ya jino la ukubwani imelala jirani kabisa na ile ya utotoni, ncha ya spoku haiwezi kuchagua. Kulia ilichukua zote mbili. Kushoto ilichukua moja na kuikwaruza ya pili.

Kwa nini chonge langu la kushoto halikupona mikwaruzo ile, ilhali mfupa ukivunjika huunga? Hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kufundishwa sekondari, na ambalo bado hunishangaza. Enameli, lile ganda jeupe la nje, ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini. Hujengwa na seli zinazoitwa ameloblasti. Seli hizo hufanya kazi yao mara moja tu, na jino linapotokeza kinywani zinakuwa zimekwisha. Hakuna aliyebaki wa kuitwa kufanya ukarabati. Chini ya enameli kuna dentini, na wajenzi wake, odontoblasti, hubaki hai maisha yote pembezoni mwa kiini laini cha jino kiitwacho palpu. Jino likianza kuoza, wao huweza kuongeza tabaka jipya la dentini kujihami. Ndani ya jino moja, basi, kuna sehemu inayojua kujitibu na sehemu ambayo ikiharibika imeharibika.

Fani yangu ipo ili kusogeza mpaka huo.

Haikuanza juzi. Kwa takriban miaka mia moja madaktari wa meno wamekuwa wakiweka chokaa, kalsiamu haidroksaidi, juu ya palpu iliyofunuliwa, kwa sababu chokaa huichokoza ijenge daraja la dentini. Ni chokaa ya ukoo uleule ulioshika mawe ya matumbawe katika kuta za Mji Mkongwe, Zanzibar. Katika miaka ya 1990, Mahmoud Torabinejad na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, walitengeneza dawa ya kuziba mizizi ya meno ambayo msingi wake ni saruji ya Portland, jamaa ya saruji tunayojengea nyumba. Mwaka 2000, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliripoti kwamba ndani ya palpu ya magego ya mwisho ya watu wazima kuna seli shina, seli ambazo bado hazijachagua kazi na zinaweza kujenga dentini. Mmoja wao, Songtao Shi, ambaye pia ni daktari wa meno ya watoto, aliona nyama nyekundu ndani ya jino la utoto lililomdondoka binti yake, akaenda kulichunguza. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitangaza kwamba meno ya utoto nayo yana seli shina. Muda si mrefu zikajitokeza kampuni zinazowauzia wazazi huduma ya kugandisha meno ya watoto wao. Yangu niliyatupa juu ya bati la jikoni, nikimwomba panya aniletee mapya.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Mwaka 2009 timu ya Takashi Tsuji huko Japani ilijenga mbegu ya jino kwa seli za panya, ikaipanda katika taya la panya mzima, nalo jino likaota na kutafuna. Mwaka 2017 watafiti wa King's College London walitoboa meno ya panya, wakaweka humo sifongo ya kolajeni iliyoloweshwa dawa ambayo hapo awali ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer. Sifongo ikayeyuka taratibu na dentini ikajaza nafasi yake. Mwaka 2018 madaktari wa China waliripoti kuhusu watoto walioumia meno ya mbele hadi palpu ikafa: walipandikizwa seli kutoka meno yao wenyewe ya utoto, na palpu yenye mishipa ya damu na ya fahamu ikarudi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliripoti kuwa wamezielekeza seli shina za binadamu zikawa seli zinazotoa protini za enameli. Na mwaka 2024, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, yalianza majaribio ya kwanza kwa binadamu ya kingamwili inayozuia protini iitwayo USAG-1, protini inayozuia jino kukua. Katika panya na mnyama mwingine mdogo aitwaye feret, kingamwili hiyo ilikuwa imeotesha meno. Lengo ni kuwasaidia watu waliozaliwa bila baadhi ya meno.

Niliposoma habari za Kyoto nilikuwa kwenye daladala, na nakiri nilitabasamu nikiwa nimefungua mdomo. Baadaye nikasoma kwa utulivu. Dawa ile inaamsha mbegu iliyolala. Yangu haikulala. Ilichimbuliwa.

Desemba nilikwenda nyumbani. Nilikuta mtoto wa mama mdogo, aliyejifungua Mei, amekuja kukaa kwa Bibi na kichanga chake. Kichanga kilikuwa na miezi saba, umri wangu wa wakati ule, na kilikuwa kinaharisha tangu jana yake. Bibi alishaingiza kidole kinywani mwake.

"Ana meno ya plastiki," akaniambia nilipomwamkia, hata kabla sijatua begi. "Yapo, nimeyagusa. Kesho asubuhi tunampeleka."

Nikamwambia, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia, kwamba yale si meno ya plastiki, ni meno. Kwamba yakitolewa mtoto atabaki na pengo. Bibi aliniangalia kwa upole wa mtu anayemsikiliza mtoto msomi.

"Wewe mwenyewe si ulituambia mwaka jana kwamba huko chuoni mnaotesha meno?"

"Ndiyo, Bibi, ila bado..."

"Basi. Mtoto apone kwanza. Jino mtamwotesha akikua."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda nyumbani na fahari yangu, nikaeleza utafiti wetu kwa maneno mepesi ili waelewe, na sasa maneno yaleyale yalikuwa yamegeuka ruhusa.

Usiku ule sikulala vizuri, na swali lililoniweka macho ndilo ninaloandika hapa. Ahadi ya tiba inafanya nini kwa wajibu wetu wa kutodhuru? Ikiwa kitu kinaweza kurudishwa, je, kukiondoa ni kosa dogo zaidi?

Nilianza na methali, kama tulivyolelewa. Jino la pembe si dawa ya pengo. Wahenga waliona mtu akichongewa jino la pembe ya ndovu na kuliweka mahali pa lililotoka, wakaona kwamba cha bandia hakiwi cha asili. Lakini methali hiyo inasimama juu ya pembe, kitu kigeni na kisicho hai. Jino tunalolitafuta sisi lingetokana na seli zangu, lingekuwa na damu yangu, lingeuma kwa maji baridi kama mengine. Hapo methali inaanza kuyumba. Ningeweza kusema kwamba halingekuwa jino lile, kwamba miaka ishirini na sita ya kufumba mdomo hairudi. Ni kweli, lakini hoja hiyo inathibitisha kupita kiasi. Mfupa ulioungwa nao haurudishi miezi ya kuchechemea, na hatusemi kwamba kuunga mfupa si tiba. Nikiletewa jino langu kesho, nitalipokea, na sitauliza kama ndilo lenyewe.

Kwa hiyo Bibi hakukosea aliposema kwamba jino lililorudishwa ni jino. Kosa nililitafuta mahali pengine, na kwanza nikalikuta ndani yangu.

Maji ya kwetu yana floraidi nyingi, inayotokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Vyanzo vingi vya Meru vimepita hapo, na kwa miaka mingi viwango vya taifa letu viliruhusu zaidi ya hapo. Mtoto akinywa maji hayo wakati enameli yake inajengwa, meno huota na madoa, na wengine huota yenye rangi ya kahawia na kumeguka. Bibi ana meno hayo. Ukienda mjini watu wakikuona ukicheka wanajua unatoka wapi. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, watu wamefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa, husagwa, maji hupitishwa humo, na floraidi hunaswa. Madini yanayoinasa ni ya jamii ya haidroksiapatiti, yaleyale yanayojenga jino, yaleyale ninayotumia maabara kutengenezea viunzi ambavyo seli hukaa juu yake.

Mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa nasoma kuhusu seli za enameli, niliandika pembeni mwa daftari: "Hii itamaliza tatizo la Meru." Sikuandika lolote kuhusu mkaa wa mifupa, ingawa chujio linaweza kumfikia mtoto anayezaliwa mwaka huu. Nilikuwa nimefanya alichofanya Bibi. Nilikuwa nimetazama madhara ya leo nikayaona mepesi, kwa sababu tiba ya keshokutwa ilikuwa inang'aa.

Sidhani hili ni la mimi na Bibi tu. Mwenye kiwanda anayemwaga taka mtoni husema teknolojia ya kusafisha inakuja. Anayekata msitu husema atapanda miti. Mara nyingine husema kweli: miti hupandwa. Lakini katika mazungumzo haya yote kuna mtu ambaye hayupo. Anayeamua kudhuru yupo, anayeahidi kutibu yupo. Atakayeishi na pengo kati ya siku ya madhara na siku ya tiba hajaulizwa. Kile kichanga cha miezi saba hakikuwa na kauli. Mimi pia sikuwa nayo.

Na deni hili lina tabia ya ajabu, kwamba anayelikopa siye anayelilipa. Bibi angetoa jino kesho asubuhi. Anayetakiwa kuliotesha ni daktari asiyejulikana, kwa fedha zisizojulikana, katika hospitali ambayo haijajengwa. Ukimwahidi mtu mali ya mwingine, watu wazima watakucheka. Mimi nilikuwa nimeahidi mali ya sayansi, nayo sayansi haikunituma.

Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo. Kwa aliyekwisha kuumia, uwezekano wa tiba ni faraja na ni haki yake. Kwa anayeamua kama adhuru au asidhuru, uwezekano huohuo haupaswi kuwekwa kwenye mizani kabisa, mpaka tiba iwe mkononi mwa yule atakayeumia, si mkononi mwa mwingine wala katika jarida. Hata ikiwa mkononi mwake, bado ataulizwa kama anataka kuchimbwa.

Kuna rafiki yangu darasani, daktari wa meno aliyefanya kazi hospitali ya wilaya kabla ya kurudi masomoni, ambaye angekwenda mbali zaidi. Aliwahi kuniambia, "Mimi nilikuwa nang'oa kutwa nzima. Meno mengine yangezibika, lakini vifaa vya kuziba havikuwepo. Ninyi mnataka kuotesha meno katika nchi ambayo haijaweza kuyaziba." Kwake, utafiti kama wangu ni anasa mpaka kila zahanati iwe na vifaa vya msingi.

Nimeifikiria hoja yake kwa uzito, maana yeye ameshika koleo na mimi sijashika. Kuna sehemu siikubali. Kwanza, hakuna sanduku moja ambalo fedha zikitoka kwenye utafiti zinahamia kwenye vifaa vya kuziba. Maabara yetu ikifungwa, hospitali ya wilaya haitapata hata glavu. Pili, chokaa na ile dawa ya saruji ziliwahi kuwa utafiti wa watu wachache, na leo chokaa iko kwenye makopo madogo katika kliniki za kawaida. Tatu, na hii ndiyo inayonigusa, kinga haimsaidii aliyekwisha kupoteza. Kumwambia mwenye pengo kwamba kinga ni bora kuliko tiba ni kumweleza habari iliyomfikia ikiwa imechelewa. Naye ana madai.

Lakini kuna sehemu nimeichukua kwake na sitairudisha. Hatusemi kwamba kuotesha kunachukua nafasi ya kuziba, wala kwamba kuziba kunachukua nafasi ya kutotoboka. Anayefanya kazi upande wa mwisho wa mnyororo huu ana wajibu wa kusema kwa sauti, kila anapojisifia, kwamba upande wa mwanzo bado una kazi. Mimi nilijisifia mbele ya Bibi bila kusema hivyo.

Saa kumi na moja alfajiri nilisikia Bibi akichochea moto. Nikatoka, nikaketi kwenye kigoda upande wa pili wa mafiga. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema machache.

"Bibi, naomba uniangalie kinywani."

Akadhani nina jino linaloniuma. Akasogeza taa. Nikafungua mdomo, nikashika kidole chake, nikakipeleka kwenye pengo la kulia.

"Hapa hakukuota kitu. Na hili la kushoto liliota hivi. Kile kilichotolewa siku ile ndicho kilikuwa jino."

Alikaa kimya, kidole bado kinywani mwangu. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuviweka vitu hivi viwili pamoja, kisa chake na pengo langu. Aliliona pengo, bila shaka. Nadhani alifikiri ni ya Mungu.

"Ulikuwa unakufa," akasema.

"Najua, Bibi."

"Zahanati ilikuwa imefungwa."

"Najua."

Nilikuwa nimeogopa kwamba nikimwambia ukweli nitamnyang'anya kisa chake, siku aliyomwokoa mjukuu. Sijui kama nilimnyang'anya. Ninachojua ni kwamba sikuwa na njia ya kumlinda yeye na kichanga kwa wakati mmoja kwa kunyamaza. Na nilijizuia kusema neno moja lililokuwa kwenye ncha ya ulimi, neno ambalo lingempa nafuu papo hapo: kwamba asijali, siku moja litaoteshwa. Huenda ni kweli. Lakini asubuhi ile, kwa kichanga kilicholala chumba cha pili, ukweli huo ungefanya kazi ya uongo.

Alitoa kidole, akakifuta kwenye kanga.

"Sasa huyu anaharisha," akasema. "Usiniambie tu nisimpeleke. Niambie tunafanya nini."

Hilo ndilo swali ambalo mtu mwenye spoku alikuwa na jibu lake miaka yote, na sisi wenye hadubini hatukulileta. Bibi hakuwahi kuchagua kati ya elimu na ujinga. Alichagua kati ya mtu aliyekuwepo na mlango uliofungwa.

Tukampeleka zahanati, watatu pamoja na mama yake, Bibi akiwa ndiye aliyembeba. Safari hii mlango ulikuwa wazi. Muuguzi alitupa pakiti za ORS na vidonge vya zinki, akatueleza pakiti moja kwa lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, anyweshwe kidogo kidogo kila anapoharisha, na aendelee kunyonya. Bibi alimrudishia maelekezo yote neno kwa neno, kisha akauliza, "Na ile mivimbe ya ufizi?"

"Ni meno, bibi. Yaacheni yatoke."

Bibi hakunitazama. Njiani alitembea mbele yetu, kichanga mgongoni, bila kusema kitu hadi tulipofika mtoni. Hapo akasimama, akanisubiri nimfikie.

"Mama yule alishafariki," akasema. "Lakini binti yake anaendelea na kazi. Wana watoto wengi wanaopelekwa pale." Akanyamaza kidogo. "Utakuwepo hadi lini?"

"Hadi Jumamosi."

"Basi kesho twende ukamwonyeshe kinywa chako."